Je, kaktasi yako ni kaktasi kweli?

Tuseme ni Jumamosi asubuhi, nawe msomaji umesimama mbele ya muuza maua kando ya barabara ya Ngong, au kwenye vitalu vya miche vilivyo Kitengela kando ya barabara iendayo Namanga. Mbele yako pana vyungu viwili. Katika kila kimoja mna mmea usio na majani, wenye vijiti vya kijani vilivyogawanyika tena na tena. Muuzaji anakuhakikishia kwamba yote miwili ni kaktasi, kwamba haihitaji maji, na kwamba ukiiweka chumbani itakusafishia hewa ukiwa usingizini. Bei ni moja. Unauchukua ule ulionona zaidi, unaubeba kwenye matatu ukiwa umeupakata mapajani, na kufikia jioni uko dirishani.

Kati ya mimea hiyo miwili, mmoja huenda ukawa mpole kabisa, ambao mtoto akiushika hapati dhara. Mwingine unaweza kukupeleka kwa daktari wa macho usiku huo huo. Ndiyo maana ukurasa huu wa afya leo unazungumza juu ya maua ya nyumbani.

Kaktasi inayoishi juu ya miti

Watu wengi wakisikia neno kaktasi, au dungusi kakati kama kamusi zinavyoiita, hufikiria jangwa, miiba na jua kali. Hufikiria mpungate ule uliovamia malisho ya Laikipia. Lakini ziko kaktasi ambazo hazijui jangwa. Hizi huota juu ya matawi ya miti katika misitu yenye ukungu na mvua. Haziinyonyi miti hiyo. Hujishikilia tu kwenye maganda, na chakula chao ni majani yaliyooza katika panda za matawi na maji ya mvua yanayotiririka kwenye shina.

Takriban kaktasi zote duniani asili yake ni Amerika. Wataalamu wa mimea huitaja moja tu inayoota kiasili katika bara la Afrika, nayo ni Rhipsalis baccifera. Iko kwetu Kenya katika misitu yenye unyevu kama ule wa Kakamega, na ng'ambo ya mpaka iko katika milima ya Usambara nchini Tanzania. Vijiti vyake ni vyembamba kama uzi wa katani, laini, na huning'inia kuelekea chini kama nywele zilizolowa. Maua yake ni madogo, meupe, na baada yake huja matunda madogo ya mviringo yenye mbegu za kunata. Ndege hula matunda hayo na kuzipangusia mbegu kwenye tawi jingine. Iwapo ni ndege waliouleta mmea huu kutoka ng'ambo ya bahari, au mabaharia, wataalamu wangali wanabishana, na sisi tuwaachie.

Zipo jamaa zake mbili ambazo bila shaka umeziona katika nyumba za Ngong. Ya kwanza ni kaktasi ya Krismasi, yenye vipande bapa vilivyoungana kama mnyororo na maua ya waridi au mekundu kwenye ncha. Asili yake ni milima ya karibu na Rio de Janeiro nchini Brazili. Ya pili ni ile ambayo wengi huiita malkia wa usiku, kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Ua lake jeupe hufunguka giza likishaingia, hunukia nyumba nzima, na kufikia asubuhi limesinyaa. Mwandishi wa makala haya anawajua watu walioalika majirani kwa chai ya saa nne usiku ili wakeshe wakilitazama.

Mimea hiyo mitatu haijulikani kuwa na sumu kwa binadamu, wala kwa mbwa na paka.

Maziwa yanayochoma

Sasa turudi kwenye kile chungu kingine. Afrika ina mimea mingi inayofanana na kaktasi lakini haina udugu nayo hata kidogo. Hii ni ya ukoo wa euforbia. Ile miti mirefu yenye mikono iliyoinuka kama kinara cha mishumaa, unayoiona ukisafiri katika nyika za Kajiado, ni euforbia. Ile yenye miiba mingi na maua mekundu madogo, iitwayo taji la miiba, ni euforbia. Na uliozoeleka kuliko yote ni mnyaa, ambao majirani zetu Wakikuyu huuita kariaria: ule ua wa vijiti vya kijani unaozunguka maboma na mashamba mengi, kwa sababu ng'ombe hauli na ukame hauuui.

Mnyaa mchanga ukiwekwa kwenye chungu kizuri unapendeza. Hapo ndipo kosa hutokea, maana mtu asiyejua ataufananisha na ile kaktasi ya msituni. Tofauti ziko wazi ukishaambiwa. Kaktasi ya msituni huning'inia, mnyaa husimama. Vijiti vya kaktasi ni laini na hupinda. Vya mnyaa ni vinene kama penseli na huvunjika kwa mlio. Mnyaa huwa na vijani vidogo mno kwenye ncha changa, ambavyo huanguka upesi.

Alama ya hakika ni utomvu. Chukua pini ndefu, vaa glavu, simama mbali kidogo, kisha choma kijiti mara moja. Ukitoka ute mwangavu kama maji, hiyo si euforbia. Yakitoka maziwa meupe, usiendelee. Itupe pini hiyo na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote kingine, hasa uso. Usivunje kijiti kwa vidole ili kujaribu.

Maziwa hayo meupe yana kemikali zinazochubua ngozi na utando wa macho. Kwenye ngozi huleta wekundu, mwasho na wakati mwingine malengelenge. Yakimezwa, huunguza mdomo na koo na kuleta kutapika na kuhara. Kwenye jicho madhara huwa makubwa zaidi. Kioo cha mbele cha jicho huchubuka na kuvimba, mwanga huuma kama sindano, na kuona huwa ukungu. Jambo linalowadanganya wengi ni kwamba mara nyingine maumivu si makali mwanzoni. Mtu huosha uso kidogo, hulala, na huamka usiku wa manane jicho likiwa limefumba.

Tuongeze hili kwa tahadhari. Kwa miaka mingi watafiti wamechunguza iwapo utomvu wa mnyaa unachangia saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto katika sehemu zenye malaria, kwa kuviamsha virusi fulani mwilini. Jambo hilo halijathibitishwa. Hata hivyo latosha kutufanya tusiwaache watoto wachezee matawi yake, kama wafanyavyo wakicheza duka.

Utomvu ukiingia jichoni

Dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Usisugue jicho. Osha mikono kwanza kwa sabuni, kwa kuwa utomvu hunata vidoleni na utaurudisha pale pale. Kisha fungua mfereji, au mwambie mtu akumiminie maji safi kutoka kwenye jagi, ukiwa umeinamisha kichwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie katika lile zima. Kama unavaa lenzi za macho, ziondoe. Shikilia kope zikiwa wazi, hata kama unalia. Endelea kwa dakika 15 hadi 30 kwa saa. Nasema kwa saa kwa sababu mtu mwenye maumivu huhesabu dakika mbili akadhani ni kumi.

Baadaye nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Wakazi wa Ngong wana bahati kwamba Hospitali ya Kikuyu, inayojulikana kote nchini kwa matibabu ya macho, haiko mbali. Wa Kitengela na Kajiado waanzie katika hospitali iliyo karibu, kisha waelekezwe. Chukua kipande cha mmea ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, au picha yake kwenye simu, umwonyeshe daktari. Atatia rangi ya manjano jichoni ili kuona michubuko, na kwa kawaida atakupa dawa ya kuzuia viini na nyingine ya kutuliza maumivu. Wanaotibiwa mapema wengi hupona katika wiki moja au mbili. Wanaochelewa wanaweza kubaki na kovu kwenye kioo cha jicho, na kovu hilo haliondoki kwa miwani.

Usitie maziwa ya mama, maji ya majani, asali wala dawa ya matone iliyobaki kabatini tangu mwaka juzi. Matone mengine yana steroidi, ambazo zikitumiwa bila daktari kulikagua jicho zinaweza kugeuza mchubuko mdogo kuwa kidonda kibaya. Aliyemeza utomvu asilazimishwe kutapika, kwa kuwa ukirudi utaunguza koo mara ya pili. Asukutue mdomo, apewe maji kidogo kidogo, apelekwe hospitali.

Na iwapo una ua wa mnyaa nyumbani na siku ya kuupunguza imefika, basi miwani ya kazi, glavu na mikono mirefu. Upepo wa Ngong, ule ule unaozungusha mitambo ya umeme juu ya vilima, hurusha matone ya utomvu mbali kuliko unavyodhani. Simama upepo ukiwa mgongoni. Watoto na mbwa wawe ndani. Kama umemwajiri kijana kuifanya kazi hiyo, mnunulie miwani. Ni bei ndogo ukilinganisha na jicho la mtoto wa mwenzio.

Kuitunza ile iliyo njema

Baada ya kuhakikisha kwamba mmea wako ni kaktasi ya msituni, kumbuka makao yake. Hapa ndipo wengi huiua kwa nia njema. Mimi nimeua mbili. Ya kwanza niliiweka juani juu ya mchanga, bila maji, kwa kuwa niliambiwa ni kaktasi. Vijiti viligeuka vyekundu, kisha vikakunjamana kama ngozi ya mzee. Ya pili, baada ya kujuta, niliimwagilia kila siku katika udongo mweusi, na mizizi ikaoza kabla mwezi haujaisha.

Udongo mweusi wa Kitengela, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, haufai kabisa. Hushika maji na kuinyima mizizi hewa. Ule mwekundu wa Ngong una nafuu kidogo, lakini peke yake nao hushikamana. Mizizi ya kaktasi hii imezoea maganda ya mti na majani makavu. Tengeneza mchanganyiko wako: nusu iwe mboji ya majani yaliyooza, robo vipande vya makaa vya ukubwa wa punje ya hindi, na robo kokoto nyepesi za volkano au maganda ya mti yaliyokatwakatwa. Chungu kiwe kidogo na chenye matundu chini. Chungu kikubwa hubaki na unyevu ambao mizizi haiwezi kuumaliza.

Kuhusu maji, tia kidole kwenye udongo. Kama pamekauka hadi kwenye pingili ya kwanza, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Katika miezi ya joto huenda ikawa mara moja kwa wiki, na Kitengela kwenye jua na vumbi huenda ikawa mara mbili. Mwezi wa Julai, Ngong ikiwa imefunikwa na baridi na manyunyu, siku kumi na nne zinaweza kupita bila kuhitaji tone.

Maji gani? Swali hili ni muhimu katika Kajiado kuliko sehemu nyingi. Nyumba nyingi hapa hutumia maji ya visima virefu, na mengi ya maji hayo yana chumvi. Baada ya miezi utaona utando mweupe juu ya udongo wa chungu na ncha za mmea zikikauka. Mmea huu umezoea maji ya mvua, hivyo mpe maji ya mvua. Kinga pipa chini ya mfereji wa paa mwezi wa Aprili na wa Novemba, na ulifunike.

Nawe pia uyafikirie maji hayo hayo unayokunywa. Baadhi ya visima vya eneo hili vina floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa mwisho. Watoto wanaokunywa maji hayo meno yakiwa bado yanaumbika hupata madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka, na kiwango kikiwa cha juu mno kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Ule weupe wa kwenye birika ni chokaa. Si floridi, wala hauwezi kukuambia kama floridi ipo. Kuchemsha hakuiondoi, na kwa kuwa maji hupungua yakichemka, huizidisha. Maji ya kisima yapimwe maabara. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kutibiwa ni nafuu kwa watoto kama yalivyo kwa kaktasi.

Mwanga uwe wa dirisha linalopata jua la asubuhi. Jua la mchana huichoma. Mbolea ni ya majira ya mvua tu, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi. Ukiona vijipamba vyeupe kwenye maungio, hao ni wadudu. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa spiriti. Hakuna haja ya kupuliza dawa ya shambani ndani ya chumba ambamo watu wanalala.

Kaktasi ya Krismasi ina siri yake. Huko Ulaya hutoa maua Desemba kwa sababu usiku wao umekuwa mrefu. Sisi tulio karibu na ikweta usiku wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kinachoiamsha zaidi hapa ni baridi. Iache karibu na dirisha miezi ya Juni na Julai, usiku unaposhuka kuelekea nyuzi 10, na uipunguzie maji. Usishangae basi Krismasi yako ikija Agosti.

Sahani ya maji, jiko na hewa

Sahani iliyo chini ya chungu isikae na maji. Hayo ni makao ya mbu. Mbu wa homa ya dengi, ugonjwa unaoisumbua Mombasa mara kwa mara, hupenda vyombo vidogo kama hivyo. Na mwaka 2022 mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, anayeweza kuzaliana kwenye matangi na vyombo vya mijini, alipatikana Kenya kwa mara ya kwanza katika kaunti ya Marsabit. Imwage sahani kila baada ya kumwagilia, na lile pipa la mvua lisikose kifuniko.

Limebaki lile dai la muuzaji kwamba mmea husafisha hewa usiku. Lina chanzo chake. Mwaka 1989 shirika la Marekani la anga za juu, NASA, lilichapisha majaribio yaliyoonyesha mimea ikipunguza kemikali fulani hewani. Majaribio hayo yalifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Watafiti wawili, Cummings na Waring, walipoyapitia upya majaribio ya aina hiyo mwaka 2019 walikadiria kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita mraba ya sakafu ili ushindane na hewa inayopita dirishani. Ni kweli kaktasi hufungua vinyweleo vyake usiku, tofauti na mimea mingi, na kuvuta hewa ya ukaa. Lakini kiasi chenyewe ni kidogo mno kukufaa kitu.

Ningaliliacha dai hilo lipite kama porojo za biashara, isipokuwa kwa sababu ya baridi ya Julai. Wakati huo wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hayo hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hulevya na kuua watu wakiwa usingizini. Hakuna mmea unaoizuia. Jiko likae nje mpaka lizime kabisa, na ukiamka kichwa kikikuuma pamoja na wenzako wote wa nyumba, tokeni nje kwanza, kisha mtafute daktari.

Ukitaka kuongeza mimea yako, usiende kung'oa msituni. Kuchukua mimea katika misitu ya umma bila kibali ni kosa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016, na kaktasi zinazokua pori zinalindwa pia na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe. Omba kijiti kwa jirani. Kikate urefu wa kidole, kiache kivulini siku mbili au tatu hadi jeraha likauke, halafu kichomeke katika ule mchanganyiko wa mboji na makaa. Baada ya wiki nne hivi kivute polepole sana. Kikikataa kung'oka, kimeshika mizizi.